Bangili ya Shanga kwa Rafiki wa Mtoto

Kutunga shanga ni kazi ndogo ambayo mzazi na mtoto huweza kuianza baada ya chakula cha mchana na kuimaliza kabla ya magharibi, wakiwa wameketi kwenye mkeka mmoja. Lugha yenyewe imeipa kazi hii heshima. Kitenzi kutunga hutumika kwa shanga na uzi wake, kwa samaki na mtungo wao, na kwa beti za shairi. Kote humo maana ni kupanga kimoja baada ya kingine kwa kufikiri. Mtoto anayemtungia rafiki yake bangili huchagua, hufumua na huanza tena, sawa na mshairi anayehangaika na kina chake.

Pwani ya Afrika Mashariki ina historia ndefu ya shanga. Huko Tumbe, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, waakiolojia walifukua vigae vingi vyenye mifereji, vya kati ya karne ya 7 na ya 10. Wakazi walikuwa wakisugua vipande vya kombe za baharini katika mifereji hiyo mpaka vikawa shanga za duara. Shanga za kioo nazo ziliingia kwa majahazi kutoka India, na baadaye zikaja nyingine kutoka Venice. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta mmisionari David Livingstone, aliandika kwamba katika safari za bara shanga zilishika nafasi ya sarafu za shaba, nguo nafasi ya fedha, na waya nafasi ya dhahabu. Tatizo lilikuwa rangi. Shanga nyeusi zilipokewa Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na thamani yoyote. Msafiri alilazimika kujua mapema nani anapenda nini, la sivyo abebe mzigo wa bure.

Sharti hilo la misafara ndilo sharti la bangili ya rafiki. Kabla ya uzi kukatwa, mtoto aulizwe: huyu rafiki anapenda rangi gani? Mtoto wa miaka sita mara nyingi hutaja rangi aipendayo yeye mwenyewe. Akiulizwa mara ya pili, hunyamaza, hutazama juu, kisha hukumbuka kibanio cha nywele, chupa ya maji, au kandambili za mwenzake. Hapo ndipo zawadi inapoanza, hata kama hakuna ushanga uliogusa uzi. Na mzazi naye huvuna chake: atasikia nani hugawana chapati na nani wakati wa mapumziko, nani amekuwa hafiki shuleni wiki nzima, nani alikuwa rafiki na sasa si rafiki tena. Habari hizi hazitoki kwa swali la mlangoni, la shule ilikuwaje leo. Hutoka mikono ikiwa na kazi.

Vifaa ni vichache. Kanga hutandazwa chini ili shanga zinazoanguka zisitimke, na kila rangi huwekwa katika kifuniko cha chupa. Uzi unaovutika ndio unaomfaa mtoto, maana bangili huvaliwa na kuvuliwa bila kifungo. Ushanga wa kwanza hufungwa mwishoni mwa uzi ili uwe kizuizi, na huondolewa kazi ikiisha. Bangili ya kawaida ya mtoto wa umri wa shule ya msingi ina urefu wa sentimita 15 hivi. Kwa shanga za milimita 5, hiyo ni shanga 30, na marafiki watatu wanahitaji 90. Hesabu hii aachiwe mtoto aifanye mwenyewe kwa kuzipanga makumi makumi kwenye kanga. Fundo la mwisho ni la mtu mzima: hufungwa mara mbili na kukazwa barabara.

Tahadhari mbili hazina mjadala. Watoto walio chini ya miaka mitatu wasikae karibu na shanga, kwa kuwa huzitia mdomoni na zinaweza kuwapalia. Pia mbegu za porini zisiokotwe ovyo. Zile nyekundu zenye doa jeusi, za mturituri, na zile za mnyonyo zina sumu inayoweza kuua zikitafunwa, na uzuri wake ndio unaowavuta watoto.

Kosa kubwa la wazazi hutokea usiku. Mtoto amelala, na mama au baba anaona shanga mbili za bluu zimefuatana mahali palipotakiwa nyeupe, anaifumua bangili na kuipanga upya. Asubuhi mtoto hujua mara moja kwamba si yake. Bluu zile mbili huenda zilikuwa na sababu yake, na hata kama hazikuwa nayo, ndizo zinazoonyesha mkono uliotunga. Bangili zilizopangika vizuri zinauzwa sokoni kwa bei nafuu. Yenye bluu mbili haiuzwi popote.

Kuhusu kugawa, ni vyema orodha iwe fupi na mtoto atoe kwa mkono wake. Ndugu aliye nyumbani asisahaulike, kwani huumia kuona zawadi zinatoka mlangoni na yeye hana. Shule nyingi haziruhusu mapambo pamoja na sare, hivyo mtungo mfupi wa kuning'iniza kwenye zipu ya begi huweza kufaa zaidi. Wakati mzuri kuliko wote ni pale marafiki wanapokaribia kuachana: familia inapohama mtaa, au likizo ya Desemba inapofunga mwaka wa shule. Mzazi asimfundishe mtoto kungoja cha kurudishiwa. Rafiki akirudisha kitu, na kipokewe; asiporudisha, mtoto asisikie neno lolote nyumbani.

Uzi unaovutika hulegea, na siku moja hukatika. Basi kila bangili inapomalizika, shanga chache za rangi zake ziwekwe katika kikopo, pamoja na kipande cha uzi, ili rafiki akija na shanga zake kiganjani zitungwe tena siku hiyohiyo.