Kinyaa si Dalili



Baada ya swala ya Isha juzi, mwenzetu mmoja alituonyesha kwenye simu nyama ya kuku iliyokuzwa maabara kutokana na seli. Kabla video haijaisha nilisema, "Haramu hiyo!" Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza akaniuliza, "Dalili yake, kaka?" Sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni kinyaa tu, na mimi ndiye ninayesoma sharia.

Nikakumbuka kisa cha mjusi wa jangwani, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama yake ya kuchoma, akarudisha mkono. Khalid bin al-Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila haipatikani katika ardhi ya watu wake, ndiyo maana nafsi yake haiitaki. Khalid akala, Mtume akimtazama. Kuchukia chakula ni jambo moja, kukiharamisha ni jingine. Wale mliotoka Mombasa mnaijua hali hiyo kila msimu wa senene, mwenzenu wa Masaka anapowakaribisha sahani!

Maswali ya kifiqhi ni haya. Seli zimetoka kwa mnyama gani, na alichinjwa kisharia? Tumefundishwa kuwa kilichokatwa kwa mnyama aliye hai hukumu yake ni ya mzoga. Tena, seli zimelelewa ndani ya nini? Watengenezaji wengi walianza na majimaji ya damu ya ndama aliye tumboni, na Qur'ani imeharamisha damu inayotiririka. Baadhi yao sasa wanatumia vitu vingine.

Kwa hiyo wanazuoni wa Nahdlatul Ulama, Indonesia, mwaka 2021 waliikataa nyama ya seli zilizochukuliwa kwa mnyama hai. Singapore, nchi ya kwanza kuruhusu nyama hii iuzwe, mwaka 2020, kamati ya fatwa ilitamka mwaka 2024 kuwa inafaa kwa masharti: mnyama awe halali, na kisichanganywe kitu cha haramu. Wote waliuliza kwanza.

Sisi tunaipigia kelele nyama ambayo hatujawahi kuiona sokoni, kisha tunatoka getini kununua muchomo bila kuuliza nani kachinja.

Jana nilimwendea yule mdogo wangu, nikafuta kauli yangu mbele ya wale wale walioisikia. Wallahu a'lam.