Jumatano: Msimamizi Aliyekubali

Soma Danieli 1:8–16. Mkuu wa matowashi aliogopa nini? Msimamizi alifanya nini Danieli alipomwomba?

Mara nyingi fungu hili husomwa kwa ajili ya Danieli na wenzake watatu, na uthabiti wao unastahili kukumbukwa. Hata hivyo, vijana hao hawakuwa na ufunguo wa ghala. Posho yao ilikuwa mikononi mwa wengine. Mkuu wa matowashi alimwonea Danieli huruma, lakini alihofia kichwa chake mbele ya mfalme. Msimamizi alisikiliza, akakubali kujaribu kwa siku kumi, kisha akaondoa chakula cha mfalme na divai. Azimio la moyo wa kijana lilihitaji mtu mzima wa kulifungulia njia.

Mwalimu wa watoto yumo katika nafasi ya msimamizi huyo. Fikiria darasa la watoto asubuhi ya Sabato huko Mbwawa, Kibaha. Somo ni Danieli sura ya kwanza. Mtoto anakariri fungu bila kukosea, na mwalimu anampa pipi. Nia yake ni njema, na pipi moja haimwangamizi mtoto. Lakini kinywa kimefundisha jambo moja na mkono umefundisha jingine: kwamba utamu wa sukari ndio tuzo. Mtoto hukumbuka zaidi somo la mkono.

Siku za shule ni vivyo hivyo. Mtoto mwenye shilingi mia mbili wakati wa mapumziko hununua kilichopo karibu: barafu za rangi, pipi, chipsi. Kumkemea hakutoshi ikiwa hakuna kingine cha kununua. Pwani ina muhogo, nazi, mapapai, na maembe ya msimu. Kisamvu kikitwangwa na kuiva vizuri, kikaungwa kwa nazi na karanga, ni mboga njema. Matembele na papai bivu huupa mwili vitamini A inayolinda macho. Tuta la mchicha huanza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne, na mtoto huwa na hamu ya kula alichokimwagilia mwenyewe.

Yuko pia mtoto anayefika darasani hajaonja kitu tangu jana. Huyo asianze kufundishwa makundi ya vyakula, wala asiaibishwe mbele ya wenzake. Yesu alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza apewe chakula (Marko 5:43). Kikombe cha uji kilichochangiwa na wazazi na washiriki ni somo ambalo mtoto huyo atalielewa mara moja.

Msimamizi hakuombwa kubadili jumba zima la mfalme. Aliombwa siku kumi tu. Mwalimu naye aweza kuanza na Sabato kumi: kipande cha papai au karanga kidogo mahali pa pipi, maji safi ya kunywa, na yeye mwenyewe kula mbele ya watoto kile anachowafundisha.

Watoto wa kanisa lako hupewa tuzo gani, nayo inawafundisha nini? Ni jambo gani moja ambalo darasa lenu litabadili kwa Sabato kumi zijazo? Je, yuko mtoto kati yenu anayehitaji kulishwa kwanza kabla ya kufundishwa?