Kigoda cha Milanzi na Siku Sita za Uumbaji

Wafipa husimulia kwamba mtu wa kwanza alianguka kutoka mbinguni. Jina lake Ntatakwa, na uzao wake ndio uliokaa Milanzi, chini ya mlima ambao leo uko ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, ukaitawala Ufipa. Ikafika siku mfalme wa Milanzi yuko mawindoni, wakatokea wanawake watatu wageni. Hao ndio Watwa, ukoo wa kifalme, wasichanganywe na Watwa wa misituni. Walimkuta mke wa mfalme, naye akawaachia kigoda cha enzi. Mfalme aliporudi alikuta kigoda kimekaliwa. Hakupigana. Watwa wakachukua utawala wa nchi. Yeye akabakiwa na Milanzi na mlima wake, na ukuu wa matambiko, na heshima ya aliyetangulia.

Nimeisikia hadithi hii kwa vinywa mbalimbali, na sijasikia hata mara moja msikilizaji akiuliza Ntatakwa alianguka mwaka gani. Wala sijasikia mzee akiiita ngano ya kubembelezea watoto. Vizazi kwa vizazi watu wa uwanda huu waliishi ndani yake. Watawala wa Kitwa waligawanyika, wakawa na Nkansi upande mmoja na Lyangalile upande wa pili, lakini pande zote mbili zilijua kwamba Milanzi ndiko kukongwe. Ukweli wa hadithi ulionekana katika nani anatangulia, nani anasubiri, na nani ana haki ya kusema na mlima.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa mila kutoka Uingereza, Roy Willis, alikaa na Wafipa akajifunza lugha na masimulizi yao. Mwaka 1967 aliandika makala akiusoma mkasa wa kigoda kama mwili wa mtu: Milanzi ni kichwa, chenye mamlaka na ukongwe, Watwa ni kiuno, chenye nguvu, uzazi na mwendo. Wengine wameisoma hadithi hiyohiyo wakitafuta ndani yake historia, yaani wageni gani walihamia huku na kwa njia ipi. Nasoma pande zote mbili kwa shukrani. Hata hivyo naona mzee anayesimulia yuko mahali ambapo njia hizo mbili bado hazijaachana. Hajalazimika kuchagua kati ya lililotokea na linalomaanisha.

Sisi Wakristo wa huku tunalazimishwa kuchagua, tena kwa haraka. Kwenye stendi ya mabasi mhubiri anashika kipaza sauti na kutangaza kwamba siku sita za kitabu cha Mwanzo zilikuwa za saa ishirini na nne, na asiyeamini hivyo ameikana Biblia nzima. Nyumbani kijana amerudi kutoka chuo kikuu, anamwambia mama yake kwamba hayo ni masimulizi ya watu wa kale wasiojua sayansi. Mama yuko katikati na rozari yake. Inaniuma kumwona pale, kwa sababu wanaomvuta wote wawili wanakubaliana jambo moja bila kujua: kwamba Maandiko yana namna moja tu ya kuwa kweli.

Swali hili lina umri mkubwa, na waliolihangaikia kwa kina zaidi hapo kale walikuwa watu wa bara hili. Origen wa Aleksandria, katika nusu ya kwanza ya karne ya 3, aliuliza jambo ambalo mtoto wa Komunyo ya Kwanza angeweza kuliuliza: ilikuwaje siku ya kwanza, ya pili na ya tatu ziwe na jioni na asubuhi, wakati jua liliumbwa siku ya nne? Hakuuliza ili kukejeli. Aliamini kwamba Roho Mtakatifu mwenyewe ameweka vikwazo vya namna hiyo ndani ya herufi, ili msomaji ajikwae, asimame, achimbe. Mwanahistoria Eusebio wa Kaisaria anasimulia kwamba Origen alipokuwa kijana alilishika neno la Yesu kuhusu matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni kama lilivyo, akajihasi. Alipozeeka, akiifafanua Injili ya Mathayo, alikataa kabisa kulisoma neno hilo hivyo. Kama Eusebio yuko sahihi, mwalimu mkuu wa kusoma kwa mafumbo alibeba mwilini kovu la kusoma kwa herufi.

Augustino alipita njia ndefu zaidi. Alizaliwa Thagaste, ambayo leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Ujanani, akisoma Carthage, aliyaona Maandiko kuwa duni, akafuata kundi la kidini la Wamani waliolicheka Agano la Kale. Kilichomfungua ni mahubiri ya askofu Ambrose huko Milan, aliyemwonyesha kwamba chini ya maneno yaliyomkwaza kuna kina asichokifikiria. Akabatizwa mwaka 387. Ungetarajia mtu kama huyo abaki upande wa mafumbo maisha yake yote. Lakini kuanzia mwaka 401 hadi karibu 415 alihangaika na kitabu kikubwa cha kuufafanua Mwanzo kwa maana yake ya wazi, akiuliza neno baada ya neno: nuru ile ilikuwa nini, siku ile ilikuwa nini. Mwishoni hakuzishika siku sita kama siku za kalenda. Alifundisha kwamba Mungu aliumba vyote kwa pamoja. Humo pia aliwaonya Wakristo wasiropoke kuhusu nyota na dunia mbele ya watu wanaozijua, wakayafanya Maandiko yachekwe. Ndiyo maana namheshimu sana. Fumbo lilimwokoa, na baada ya kuokolewa akarudi kwenye herufi akakaa nayo miaka.

Mapadre Weupe waliotuletea Injili walianzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, katika nchi ileile ya Augustino. Walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na baadaye wakapanda huku uwandani. Karema ndiyo mama wa Jimbo Katoliki la Sumbawanga. Nikiwaza hivyo, Augustino si mgeni Ufipa. Ila alipotufikia alikuwa amekwisha kufanywa maswali na majibu ya katekisimu, na yale maswali yake mwenyewe yalikuwa yameachwa njiani.

John Mbiti, mwanateolojia Mkamba aliyezaliwa mwaka 1931 karibu na Kitui, alilitazama jambo hili kwa macho makavu. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu mambo ya mwisho katika Agano Jipya, alionyesha jinsi Wakamba waliofundishwa na wamisionari wa AIM (Africa Inland Mission) walivyopokea moto wa jehanamu, mji wa mbinguni, karamu na kufutwa machozi. Vyote walivipokea kama vitu: moto wa kuunguza ngozi, mji wenye nyumba, nchi ya kuhamia mtu akifa. Lugha ya picha ambayo Agano Jipya linaitumia kumzungumzia Kristo iligeuzwa habari za mahali. Mbiti hakuwalaumu wazee wa Kitui. Watu hao walikuwa na methali na vitendawili kabla mmisionari hajafika. Walijua vizuri sana namna neno linavyoweza kubeba zaidi ya uzito wake. Wakaambiwa, kwa vitendo kama si kwa maneno, kwamba ujuzi huo wauache mlangoni mwa kanisa. Kwangu hiyo ni hasara kubwa kuliko ngoma zote zilizokatazwa.

Ujuzi wenyewe haukufa. Jioni moja jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa imekusanyika ukingoni mwa shamba. Ilikuwa mwishoni mwa masika, nyasi zimeshakusanywa na kufunikwa udongo kwenye vile vilima vya mviringo ambavyo Wafipa huita ntumba, zioze humo, zije kutawanywa msimu unaofuata na kuotesha ulezi. Katekista alisoma kutoka Injili ya Yohane pale Yesu anaposema juu ya punje ya ngano inayoanguka ardhini ikafa. Kijana wa sekondari akainua mkono.

"Mwalimu, mbegu haifi. Ikifa haioti. Hapo pana kosa la kibaiolojia."

Katekista akatafakari, akataka kueleza kwamba ni lugha ya mfano. Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka akamtangulia.

"Mjukuu wangu, mwezi wa kumi na mbili ghala limebaki na debe moja la ulezi. Watoto wanalia. Unachukua sehemu ya lile debe unakwenda kuimwaga shambani. Jioni utaila?"

"Siwezi, bibi."

"Basi imekufa. Imekufa kwako."

Hakuna aliyeongeza neno kwa muda. Nimesoma fafanuzi kadhaa za sura ile na sijakutana na iliyoingia ndani namna hiyo. Tazama alivyofanya. Hakutetea herufi kwa kubishana na mwalimu wa baiolojia, wala hakukimbilia kusema kwamba ni mfano tu. Aliishika herufi mkononi, punje yenyewe, mwezi wenyewe, njaa yenyewe, akaenda nayo mpaka ikampeleka mahali panapouma. Ukimsikiliza yeye, kufa kwa punje kunadai zaidi ya kile kijana alichokikataa.

Tangu jioni ile nimekuwa na kipimo changu. Nikisikia mtu anasema andiko fulani tusilichukue kama lilivyo, nasubiri nione maana anayoniletea ni nzito kuliko herufi au ni nyepesi. Ikiwa nyepesi, naingiwa na shaka. Yesu alisema kuhusu ngamia na tundu la sindano. Wahubiri wengi hapa nchini hueleza kwamba Yerusalemu palikuwa na lango dogo lililoitwa Tundu la Sindano, ambapo ngamia alipiga magoti akapita baada ya kushushiwa mizigo. Maelezo hayo yanapendeza, na tajiri anarudi nyumbani ametulia. Lakini hakuna ushahidi wowote wa lango hilo katika siku za Yesu. Habari zake zinaanza kusikika katika zama za kati, karne nyingi baadaye. Lango lilijengwa na wafafanuzi, kwa ajili ya ngamia wao.

Na nikimsikia mwingine akishikilia andiko kama lilivyo, natazama limemwangukia nani. Kutii waume, kutorudisha neno mbele ya mtawala, fimbo kwa mtoto: hayo tunayataka kwa herufi. Kuuza mali na kuwapa maskini, kugeuza shavu la pili, kumkopesha asiyeweza kulipa: hapo ghafla sote tunakuwa wanafunzi wa Aleksandria. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sitaki mtu afikiri kwamba naidharau herufi. Nina mfano wa pande hizi. Vita Kuu ya Kwanza ilimalizikia karibu na hapa. Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck walisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala upande wa Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Miaka ile vijana wa pande hizi walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Katikati ya taabu hiyo Hanoc Sindano na wenzake wa dhehebu la Watch Tower, waliofukuzwa kutoka Rhodesia ya Kusini, walihubiri upande huo wa Mbala kwamba mwisho umekaribia na kwamba tawala za dunia zinaanguka. Watu waliosikia Ufunuo ukisomwa hivyo walikataa kubeba mizigo na kutii amri. Wengi walikamatwa. Mafundisho yao yakavuka hadi kusini magharibi mwa Tanganyika. Mnyama wa Ufunuo walimwona kwa macho, na nikiwaza mapagazi waliofia njiani, sithubutu kuwaambia kwamba walisoma vibaya. Ninachokumbuka kwa hofu ni Shakahola, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023, ambako zaidi ya miili mia nne ilifukuliwa, ya watu waliofundishwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na watoto wakiwemo. Pale hapakuwa na bibi wa kuuliza, "Jioni mtoto atakula nini?" Msomaji alikuwa mmoja, na sauti ilikuwa moja.

Ndiyo maana nakawia sana kwenye ule mfano wa Msamaria, katika sura ya 10 ya Luka. Augustino aliusoma wote kwa mafumbo: aliyejeruhiwa ni Adamu, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa. Ni usomaji mzuri na mimi naupenda, maana unanikumbusha kwamba kabla sijamwokota mtu, niliokotwa. Hata hivyo, ukitazama vizuri, mfano huu una jambo la ajabu. Mtu yule aliyeteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko huenda hakuwahi kuwepo. Jina hana, mwaka hauna. Ni mtu wa hadithi, kama alivyo mtoto mpotevu. Lakini mwisho wake Yesu anamgeukia mwanasheria na kumwagiza aende akafanye vivyo hivyo, na agizo hilo halina fumbo. Siwezi kulifafanua mpaka liache kuwa mafuta, divai, mnyama wa kubebea, na fedha ya siku mbili iliyotoka mfukoni. Tukio halitafutiki katika historia, na agizo halitafutiwi maana nyingine. Vyote viwili vimo katika mistari michache, na Bwana hakuona haja ya kuvitenganisha.

Jumuiya yetu itaisoma sura hiyo mwezi ujao. Nimemwomba katekista tuanze na mstari wa mwisho, tutaje kwanza majirani wa mtaa huu wa Milanzi waliolazwa, na yule dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu wiki mbili zilizopita, tuone nani anakwenda kwa nani na amebeba nini. Augustino tutamsoma tukirudi.