Akiba Iozayo

Wazee wamesema akiba haiozi, na neno lao limekaa vinywani mwa watu wa mwambao muda mrefu hata hapana tena anayelitilia shaka. Mwenye mpunga ghalani, mwenye dhahabu sandukuni, mwenye shairi kifuani, wote hujifariji nalo. Lakini kuna akiba moja ya zama hizi inayolitia neno hilo mtihanini, nayo ni ya watu wakusanyao mashine kongwe za michezo ya video, pamoja na kaseti zake, pedi zake, bunduki zake za kulengea kiooni, na hata makasha ya karatasi zilimokuja. Aghalabu watu wazima huwacheka wakusanyaji hawa, wakiona ni wazee waliokataa kukua. Kicheko hicho ni cha haraka mno. Ndani ya makabati yao limo swali linalomhusu kila mtu aliyerithi kitu kizuri: je, anayekihifadhi kitu kwa kukizuia kisifanye kazi kilichotengenezewa, huwa amekihifadhi au amekizika?

Mwishoni mwa mwaka 1986, huko Marekani, mtu mmoja alinunua kaseti ya mchezo uitwao Super Mario Bros. ili iwe zawadi ya Krismasi. Zawadi haikumfikia mtu. Ilitiwa katika mtoto wa meza, ikakaa humo zaidi ya miaka 34, ikiwa bado imevikwa utando wake wa plastiki wa kiwandani. Ilipoonekana tena mwanzoni mwa mwaka 2021 ilipelekwa mnadani, na mwezi wa Aprili ikanunuliwa kwa dola 660,000. Julai ya mwaka huo huo nakala ya Super Mario 64, mchezo wa mwaka 1996, ikafika dola 1,560,000.

Msomaji atadhani vitu hivyo ni adimu. La, si adimu hata kidogo. Super Mario Bros. uliuzwa nakala zaidi ya milioni 40 ulimwenguni, na huo wa pili ulikaribia nakala milioni 12. Mwenye kutaka kuucheza anaweza kuupata kwa bei ya kawaida kabisa, umechakaa lakini mzima. Kilicho adimu ni kutochezwa kwake. Watoto kwa mamilioni waliifungua zawadi yao siku ile ile waliyopewa, kama watoto wanavyopaswa kufanya, na kwa kufungua huko wakaishusha thamani mbele ya mnada. Mtoto aliyeifurahia zawadi ameiharibu, aliyenyimwa ameihifadhi. Biashara ikifika mahali pa kulipa mamilioni kwa furaha ambayo haikutokea, basi imefika mahali pa ajabu, na si ajabu ya kusifiwa.

Tena kuna wapimaji maalumu. Hupelekewa kaseti na kasha lake, wakaitazama kona kwa kona, wakaipa alama kati ya moja na kumi, na utando wake wa plastiki nao wakautolea alama yake. Kisha huifungia yote ndani ya kipande kigumu cha plastiki angavu. Tangu saa hiyo kuucheza mchezo huo ni kuuvunja. Mwenyewe atautazama kama mtazama samaki, kioo kikiwa baina yao.

Hata hivyo si haki kumhukumu mkusanyaji kabla ya kumsikiliza, kwani anayo hoja nzito. Laiti si yeye, vingi vya vitu hivi vingekuwa vifusi. Waliovitengeneza hawakuviheshimu. Mnamo Septemba 1983 kampuni ya Atari, mauzo yalipoiporomokea, ilipeleka malori ya kaseti na vifaa vyake hadi jaa la taka la mji wa Alamogordo, katika jangwa la New Mexico, ikavifukia na kuvimwagia saruji juu. Kwa miongo mitatu habari hiyo ilisimuliwa kama ngano. Tarehe 26 Aprili 2014 shimo likafukuliwa, zikatolewa kaseti zipatazo 1,300, miongoni mwake zile za mchezo wa E.T. uliosemwa vibaya na kila mtu. Nyingine zikaingia makumbusho, nyingine zikauzwa. Kilichotupwa na mwenyewe kilisubiri wakusanyaji kije kuitwa historia.

Au itazamwe mashine ya kwanza kabisa ya michezo ya nyumbani, Magnavox Odyssey ya mwaka 1972. Aliyeibuni, Ralph Baer, alizaliwa Ujerumani na akakimbilia Marekani mwaka 1938 akiwa kijana wa Kiyahudi aliyenusurika na utawala wa Hitler. Mashine yake ilijua kuonyesha vidoa vichache vya nuru na mstari, basi. Haikuwa na rangi wala sauti. Kwa hiyo ndani ya kasha vilitiwa vitu vya kuisaidia: tando za plastiki zenye michoro, za kubandikwa juu ya kioo cha televisheni ili kidoa kionekane kinapita msituni au katika nyumba ya mizimu, dadu, karata, pesa za karatasi. Vitu hivyo ndivyo vya kwanza kupotea. Dadu huingia chini ya kabati, utando hukunjika, karata hupeperuka. Bila ya wale watu wenye subira ya kuhesabu kila kadi na kila dadu, leo asingekuwepo wa kueleza mchezo ule ulichezwaje.

Na watu wa pwani wasijifanye wageni wa tabia hii. Katika nyumba za mawe za Lamu, sahani na bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka China zilipangwa katika zidaka za ukuta, zikapendeza chumba na kutangaza heshima ya mwenye nyumba. Sahani iliyoumbwa kupakuliwa chakula ikatundikwa isitiwe hata punje. Kwenye makaburi yenye minara, kama yale ya Kunduchi, bakuli zilipachikwa katika chokaa kabisa. Hapana aliyesema kwamba waungwana wale waliiua sahani.

Ila kaure ina sifa ambayo mashine haina. Sahani isiyotumika hubaki sahani. Baada ya miaka mia tatu itolewe kidakani, ioshwe, na wali utapakuliwa. Mashine haikubali. Ndani ya kaseti ya The Legend of Zelda, ile ya rangi ya dhahabu iliyouzwa Marekani mwaka 1987, imo betri ndogo mviringo kama sarafu, kazi yake kuishikia kumbukumbu ya mchezaji alipofikia. Betri hiyo huanza kula uhai wake tangu siku ilipofungwa kiwandani, mchezaji awepo asiwepo, na siku yake ikifika hufa. Julai 2021 nakala ya mchezo huo iliyo ndani ya utando wake ilinunuliwa kwa dola 870,000. Kumbukumbu iliyomo humo imekuwa ikilindwa miaka yote hiyo, na haina cha kukumbuka. Kama betri ingali hai au imekwisha, mnunuzi hawezi kujua bila ya kuichana mali yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mashine hizi neno hilo ni kweli tupu. Mashine ndogo ya mkononi ya Sega, Game Gear, iliyotoka Japani mwaka 1990, ina kapasita ambazo kwa umri huvuja majimaji, na majimaji hayo huzila njia za shaba za bodi yake. Anayeinunua leo hana budi kumtafuta fundi wa kuzing'oa na kupachika mpya. Ile ya Nintendo ya kusomea disketi, ya mwaka 1986, ina mkanda wa mpira ambao ukizeeka hulegea au hugeuka kama lami. Disketi zake nazo zilikuwa na kisa chao. Mtoto wa Kijapani aliyeuchoka mchezo aliipeleka disketi yake dukani, akalipa yeni 500, mchezo wa zamani ukafutwa na mpya ukaandikwa mahali pake, kama ubao wa chuoni unaooshwa ili somo jingine liandikwe. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2003. Hapa mkusanyaji hupata huzuni asiyoijua mkusanya sahani: anaishika disketi mkononi, na kilichotangulia humo hakipo, wala hakuacha alama.

Basi akiba hii huoza. Huoza hata ikiwekwa kabatini palipo baridi na giza, na pengine huoza upesi zaidi pasipo na mtu wa kuiwasha akaona kasoro mapema. Anayesema ameifungia ili isiharibike amejidanganya nusu. Amelihifadhi kasha, naam. Mchezo umo mikononi mwa kemia.

Lakini hata kemia si jambo kubwa kuliko yote. Odyssey ile ya mwaka 1972 haikujua kuhesabu mabao. Kioo kilionyesha kidoa kikienda na kurudi. Nani amefunga na nani amefungwa, walijua wachezaji wenyewe, na walipaswa kuaminiana. Uaminifu huo ulikuwa sehemu ya mashine, na haukuwamo katika kasha. Mkusanyaji anaweza kumiliki dadu zote na tando zote, asikose hata karata moja, na bado asiwe na kitu hicho mpaka aketi na mwenziwe sebuleni. Watu wa visiwani walijua hilo kwa bao. Bao la mninga lililotundikwa ukutani hotelini, kwa ajili ya macho ya wageni, halina kasoro. Vishimo vyake vikavu, pembe zake kali. Lile la barazani limelainishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa, na anayelichezea leo hucheza ndani ya alama za vidole vyao.

Mchezo basi ni kama uimbaji. Unahitaji ala, lakini haumo ndani ya ala. Bunduki ya Nintendo iitwayo Zapper, ya kulengea mabata kiooni, hufanya kazi kwa televisheni zile nzito za chogo peke yake. Mbele ya kioo bapa cha leo haioni kitu. Mwenye kuihifadhi bunduki asiihifadhi televisheni, amehifadhi umbo. Na mwenye kuvihifadhi vyote viwili, asimfundishe mtu namna ya kukaa, umbali wa kusimama, na mzaha wa kuusogeza mdomo wa bunduki hadi ukagusa kioo ili asikose, huyo naye amehifadhi nini?

Wako waliolijibu swali hili kwa matendo. Mwaka 1991 kampuni za Sony na Nintendo zilikuwa zikishirikiana kutengeneza mashine moja ya kuchezea kaseti na diski pamoja. Mwezi wa Juni, mjini Chicago, Sony iliitangaza. Siku ya pili yake Nintendo ikatangaza kwamba inashirikiana na Philips. Ushirika ukafa, na mashine za majaribio zikadhaniwa zimeteketezwa zote. Moja ilinusurika. Fundi wa matengenezo wa kampuni moja ya fedha iliyofilisika alinunua fungu la vitu mchanganyiko kwa dola 75, na mwaka 2015 mwanawe akaitambua ile mashine ndani yake. Wangeweza kuifungia kabatini. Badala yake waliizungusha maonyeshoni, nchi kwa nchi, wakawaacha watu waishike na kuicheza. Fundi mmoja akafanikiwa hata kuufufua upande wake wa diski. Safari hizo hazikuwaletea faida, na Machi 2020 mashine ikauzwa mnadani kwa dola 360,000. Mtu anaweza kusema waliuza mwishowe, hivyo wema wao ulikuwa na kikomo. Ni kweli. Lakini kwa miaka ile michache mashine iliyodhaniwa imeteketea ilichezwa na watu wasiohesabika, jambo ambalo waliozitengeneza wenyewe hawakuwahi kuliruhusu.

Wengine huhifadhi kwa kunakili. Hawa hawajali kasha. Huutoa mchezo katika kaseti na kuutia katika kompyuta ili usife kaseti itakapokufa. Sheria haiwapendi sana. Taasisi ya Video Game History Foundation ilieleza mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa Marekani haipatikani tena madukani kwa njia ya halali, na Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa kuziruhusu maktaba kuwafungulia wasomaji michezo hiyo wakiwa mbali na jengo. Mchezo umehifadhiwa, mtafiti yupo, na baina yao pana mlango. Msomaji wa mashairi atalijua hili bila ya kuelezwa. Beti za Muyaka bin Haji zimefika leo si kwa sababu ziliwekwa katika sanduku zuri. Zimefika kwa sababu watu wa Mombasa walizikariri, wakazitania, pengine wakazikosea, hata Mwalimu Sikujua akazikusanya kutoka vinywani mwao na Taylor akaziandika. Vinywa vile havikuwa visafi kama utando wa kiwandani. Vilitosha.

Mashine za Nintendo zenyewe zilifika Afrika ya Mashariki kwa uchache. Zilizoenea ni za kuigiza, zilizotengenezwa Taiwan na China, na baadaye vikaja vibanda ambamo mtoto hulipa sarafu akashika pedi kwa zamu huku wenziwe wamemzunguka wakimwelekeza kwa kelele. Hapana aliyehifadhi kasha. Ila ipo tabia moja waliyokuwa nayo watoto wa kaseti kila pembe ya dunia, pasipo kufundishwa na mtu: mchezo ukikataa kuwaka, kaseti ilichomolewa, ikapulizwa kwa nguvu kwenye meno yake ya metali, ikarudishwa. Nintendo iliwakanya wasifanye hivyo, kwa kuwa unyevu wa pumzi huyatia meno kutu. Mpimaji wa leo, akiifungua kaseti ya namna hiyo na kuiona kutu hiyo, huishusha alama.

Ile ya mtoto wa meza haina kutu ya pumzi. Iko mahali fulani ndani ya plastiki yake ngumu, na meno yake, yakiwa bado yanang'aa au yameanza kufifia, hakuna aliyewahi kuyapulizia.