Alipo Mtu Ndani ya Nyumba

Kilomita chache kutoka mji wa Tabora, mahali paitwapo Kwihara, iko nyumba ya tembe ambayo wageni wengi huizuru. Humo alikaa Dk. David Livingstone mwaka 1872, akiwangoja wapagazi watoke pwani. Nyumba za namna hiyo zilijengwa kwa kuta nene za udongo na dari bapa, na vyumba vyake vilitazama ua wa ndani. Mpita njia aliweza kujua kwamba mna watu. Nani yumo chumba gani, na yuko na nani, hakujua mpaka abishe hodi na kukaribishwa.

Siku hizi hodi si lazima. Zipo njia za kumfahamu mtu alipo ndani ya jengo, chumba kwa chumba, naye asiambiwe neno. Twaona ni jambo la kufikiriwa na kila jamaa yenye simu nyumbani, yaani karibu jamaa zote zisomazo gazeti hili.

Wengi hudhani kazi hii hufanywa na setilaiti. Sivyo. Setilaiti hufaa barabarani na shambani. Mawimbi yake hufika chini yakiwa dhaifu, na bati na zege huyazuia. Ndani ya majengo hutumiwa mitambo midogo ya waifai, ile ile ituleteayo intaneti. Simu ikiisikia mitambo mitatu au minne, mmoja kwa nguvu na mwingine kwa unyonge, hesabu hufanywa na mahali pakajulikana. Mwaka 2000 watafiti wa Microsoft walionyesha, katika ghorofa moja ya ofisi, kwamba kosa la hesabu hiyo kwa kawaida halikupita mita 2 au 3. Mwaka 2013 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba mawimbi ya waifai yaweza kutambua mwendo wa mtu aliye nyuma ya ukuta, hata akiwa hana simu. Naye aandikaye namba yake ya simu hotelini ili apate intaneti ya bure, ameutia mwendo wake jina. Maana hapa Tanzania tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama ya kidole huzimwa.

Mara nyingi twajibiwa hivi: asiye na hatia ana hofu gani ya kuonekana? Jibu hili lina sura ya hekima, lakini halijapata kuingia hospitalini. Kwamba mama fulani alikwenda hospitali jana, si siri. Majirani walimwona njiani. Lakini aliingia chumba gani? Kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI? Chumba cha wajawazito? Alikaa nusu saa kwa daktari wa magonjwa ya akili? Mama huyo hana hatia yoyote, na hata hivyo ana haki ya kumwambia mumewe habari hiyo kwa kinywa chake mwenyewe na kwa saa aitakayo. Barabara yaeleza machache tu juu ya mtu. Vyumba hueleza karibu yote. Wengine hutuambia kwamba Mungu hutuona po pote tulipo, nasi hatulalamiki. Ni kweli, ila Mungu hauzi habari zetu, wala hamwajiri mtu kazi kisha akamkata mshahara kwa sababu alikawia chooni.

Turudi njiani. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikafika Tabora, na hapo ikagawanyika: mkono mmoja ulikwenda Ujiji, mwingine kaskazini hata Karagwe na Buganda. Miaka kadhaa rafiki za Livingstone huko Ulaya hawakujua kama yu hai au amekufa. Henry Morton Stanley akapita Tabora mwaka 1871, akamkuta Ujiji mwezi wa Novemba. Wakaja pamoja hata Kwihara, na mwezi wa Machi 1872 Stanley akashika njia ya pwani. Livingstone alisihiwa arudi kwao, akakataa. Mwezi wa Agosti akaondoka kwenda kusini. Tazama basi: alitafutwa, akapatikana, wala hakukamatwa. Aliyemwona alichukua habari zake, akampa mahitaji, akamwacha aende alikotaka.

Katika njia iyo hiyo walipita watumwa waliofungwa kwa minyororo. Hao hakuna aliyeuliza wako wapi, kwa kuwa palijulikana kila saa. Mnyororo ulizuia miguu, na tena ulimwondolea bwana wao haja ya kuuliza. Hatusemi kwamba simu ni mnyororo. Kusema hivyo ni kuwadharau waliouvaa.

Linalotufikirisha zaidi ni kundi la tatu, wapagazi Wanyamwezi. Hao walikuwa watu huru, waliobeba mizigo kwa ujira waliopatana. Hawakuwa na bunduki nyingi wala mahakama ya kushtaki. Walikuwa na nguvu moja tu, na wasafiri wa Ulaya walioandika habari za njia hii wanailalamikia kurasa nyingi: wakidhulumiwa, walitua mizigo usiku na kutoweka. Asubuhi bwana msafara aliamka na marobota ya nguo na shanga, bila mtu wa kuyabeba. Wako waliotoroka kwa hila, baada ya kupokea posho, hatuwatetei. Lakini kule kutojulikana walikokwenda ndiko kulikomfundisha bwana mkali kupima maneno yake na kutoa posho kwa wakati. Tungependa wasomaji walishike jambo hili, maana yaelekea kusahauliwa: mnyonge kuweza kutoonekana ni sehemu ya ulinzi wake, na mwenye nguvu akimwona daima humpungukia adabu pasipo kukusudia.

Si lazima chombo kiwe hivyo. Kati ya mwaka 1989 na 1992, katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, wafanya kazi walivaa beji ndogo iliyotoa ishara kila sekunde 15, na nyumba ikajua nani yuko chumba gani. Nia ilikuwa njema, simu impigiwayo mtu imfuate alipo. Lakini mwaka 2000 MIT walitengeneza chombo kilichoitwa Cricket, nacho kiligeuza jambo lote. Vifaa vya darini vilitangaza tu, kama mlinzi aitaye saa: hapa ni chumba fulani. Chombo alichochukua mtu kilisikiliza, kikafanya hesabu chenyewe, wala hakikulazimika kumjulisha mwingine. Katika nyumba ya kwanza, nyumba ilimjua mtu. Katika ya pili, mtu alijijua alipo, na kusema au kunyamaza kulikuwa juu yake. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba ufundi ndio unaolazimisha. Aliyechora chombo alichagua, na anayekinunua huchagua pia.

Tuyalete haya nyumbani. Tuseme baba na mama wote huenda kazini, na mtoto mchanga huachwa kwa msichana wa kazi. Wanampa simu yenye kuwaonyesha kila dakika kama yuko jikoni, uani au langoni. Hofu yao kwa mtoto ni ya haki, nasi hatuibezi. Lakini simu haionyeshi kama mtoto amekula, wala kama analia. Msichana akiiacha juu ya kitanda cha mtoto na kwenda zake, wazazi wataona yote ni salama. Yeye kwa upande wake atajua kwamba hakuna pembe ya nyumba ile, usiku wala mchana, anapoweza kukaa peke yake. Naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote waliomo. Kama kuna haja ya chombo, na kiwe cha mtoto, naye aambiwe kipo na kinaonyesha nini. Aliyeambiwa aweza hata kukataa kazi, kama mpagazi wa zamani.

Mzee aliyeanza kupotewa na kumbukumbu ni habari nyingine. Huyo aweza kutoka usiku, na kumtafuta porini kwataka watu wa mtaa mzima. Twaona ni halali kumvisha kifaa, na afadhali aulizwe mapema, angali akielewa, nani aruhusiwe kukitazama: mwanawe mkubwa, au wajukuu wote?

Kuhusu waajiri, maduka na hospitali, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo humtaka anayekusanya habari za mtu amjulishe kusudi lake. Tume iliyowekwa kwa sheria hiyo ilizinduliwa Aprili 2024, na moja ya kazi zake ni kupokea malalamiko. Mfanya kazi akikabidhiwa beji mpya mlangoni ana haki ya kuuliza inaandika nini na nani huyasoma maandishi hayo jioni. Ajibiwapo kwamba hayo hayamhusu, ahifadhi jibu hilo, na tarehe yake.