MAVUNO YA SHAMBA LA NYUMBANI: NANI ANAYALA?



Januari hadi Machi ni miezi ya jua kali katika sehemu nyingi za nchi yetu, lakini pia ni miezi ya neema. Mboga zilizopandwa kwa mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba, zinachumwa. Ukambani, kuanzia Machakos hadi Makueni, maembe yanaiva. Papai linageuka rangi, malenge yamelala chini ya majani yake, na kunde, managu na mchicha vimejaa kando ya jikoni. Hata wale wanaokaa mjini katika nyumba za kupanga, walioamua kuotesha sukuma wiki ndani ya gunia la udongo karibu na mlango, nao wana cha kuchuma.

Swali langu kwa mume na mke ni moja tu: nani anayala mavuno haya?

Msicheke. Katekista anayetembea kutoka jumuiya moja hadi nyingine huona mengi. Liko boma ambalo mama ndiye aliyebeba samadi na kumwagilia miche ya avokado wakati wa ukame, kila siku mitungi miwili kutoka mtoni. Miti ilipozaa, broka alikuja siku mama yupo kwenye jumuiya. Akaelewana na baba, akachuma mti baada ya mti, na pesa zikaingia kwenye simu ya baba. Mama aliporudi alikuta matawi yaliyovunjika. Hakuulizwa wala hakuambiwa bei. Tangu siku hiyo naye akaanza kuuza mboga kwa siri na kuficha pesa ndani ya debe la unga. Baba akirudi jioni anaambiwa mboga zimekauka. Na watoto, ambao walikuwa wakiihesabu ile avokado ikiwa bado midogo kama kidole, hawakuonja hata moja. Shamba lilizaa vizuri, lakini nyumba ilibaki na njaa.

Ugomvi wa kwanza ulihusu tunda

Ndugu zangu, tufungue Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2. Mungu anamweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kabla hajamkataza ule mti mmoja, anamruhusu ale matunda ya miti mingine yote. Mara baada ya hapo, katika aya ya 18, Mungu anaona si vema mtu awe peke yake. Angalieni mpango huo: kazi, chakula, na mwenzi wa kula naye. Mungu hakumpa Adamu bustani ili aile peke yake chini ya mti.

Lakini katika sura ya 3, mambo yanaharibika. Tunda linaliwa kinyume cha agizo la Mungu, na Adamu anapoulizwa anamsukumia mkewe lawama, tena anamlaumu hata Mungu aliyempa mke huyo. Ugomvi wa kwanza wa mume na mke tunaousoma katika Biblia ulitokea kando ya mti wa matunda. Basi tusishangae shetani akipenda kukaa kwenye miti yetu hata leo. Anajua kwamba nyumba nyingi hazibomolewi na mambo makubwa. Hubomolewa na beseni la nyanya ambalo pesa zake hazikujulikana zimekwenda wapi.

Haki ya kufurahia

Kuna sheria moja ya Musa ambayo wanandoa wengi hawajapata kuisoma. Iko katika Kumbukumbu la Torati 20, aya ya 5 hadi ya 7. Jeshi likijiandaa kwenda vitani, watu watatu wanaambiwa warudi nyumbani: aliyejenga nyumba mpya na hajaizindua, aliyepanda shamba la mizabibu na hajaonja matunda yake, na aliyeposa mke na hajamwoa. Mungu hakutaka mtu afe kabla ya kufurahia alichokitolea jasho. Na tazameni alivyoweka nyumba, shamba na ndoa katika kundi moja. Kisha katika sura ya 24, aya ya 5, mume mpya anapewa mwaka mzima wa kukaa nyumbani ili amfurahishe mkewe.

Sisi Wakristo tumejifunza sana juu ya kuvumiliana katika ndoa, na ni vizuri. Lakini kuvumilia peke yake hakutoshi. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wazee. Wanandoa wengi wanajua kuchumia juani. Lakini mkiwauliza ni lini walikaa pamoja kivulini, hawakumbuki. Baba anakula embe lake sokoni, mama anaonja mboga akiwa jikoni amesimama, watoto wanakula wakitazama simu. Jasho walitoa pamoja, furaha kila mtu anaitafuta kwake. Hiyo si ndoa iliyokamilika. Mungu aliyewaunganisha katika taabu anataka muunganike pia katika mavuno.

Ndiyo maana Zaburi ya 128, ambayo husomwa mara nyingi katika misa za arusi, inamwahidi mcha Mungu kwamba atakula kazi ya mikono yake, kwamba mkewe atakuwa kama mzabibu wenye kuzaa, na wanawe kama miche ya mizeituni wakizunguka meza. Baraka hiyo haikuishia shambani, imefika mezani.

Je, kuuza ni dhambi?

Hapana. Karo ya shule hailipwi kwa maembe, na daktari hapokei sukuma wiki. Mwanamke anayesifiwa katika Methali 31 ananunua shamba na kupanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake mwenyewe. Lakini someni pia aya ya 11 ya sura hiyohiyo: moyo wa mumewe unamwamini. Biashara yake ilikuwa wazi.

Na wewe baba unayesema, "Shamba ni la babangu, mti ni wangu," kumbuka kwamba hata serikali inatambua jasho la mkeo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba kazi ya shamba, kazi za nyumbani na kulea watoto ni mchango katika mali ya familia, hata kama hazikulipwa mshahara. Ikiwa mahakama inaona hivyo, je, wewe uliyeapa mbele ya altare utaona kidogo kuliko mahakama?

Mambo manne ya kufanya

Kwanza, meza kabla ya soko. Kabla broka hajaingia shambani, tengeni mti mmoja, au tuta moja, liwe la nyumbani. Mboga za majani ya kijani, malenge, papai na embe lililoiva humsaidia mtoto kupata vitamini A inayolinda macho yake. Ni jambo la aibu mtoto wa mwenye shamba kukosa kile ambacho mtoto wa mnunuzi anakula.

Pili, bei ijulikane na wawili. Kaeni chini jioni, mkubaliane mtauza nini, kwa kiasi gani, na pesa zitafanya kazi gani. Andikeni katika daftari moja. Hata mama akiuza fungu la managu tu, liandikwe. Hata baba akiuza gunia, liandikwe. Siri ndogo ndiyo mbegu ya siri kubwa.

Tatu, malimbuko na jirani. Katika Kumbukumbu la Torati 26, Mwisraeli analeta kikapu cha mavuno ya kwanza mbele ya Bwana, kisha anaambiwa afurahi pamoja na jamaa yake, Mlawi na mgeni. Pelekeni kikapu chenu wakati wa matoleo, mume na mke pamoja, wala msimtume mtoto. Na kama Walawi 19 inavyoagiza, msivune mpaka pembeni kabisa. Mjane wa jumuiya yenu, au mgonjwa asiyeweza kushika jembe, awe na fungu lake.

Nne, shukrani mezani. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliwahimiza waamini wairudie desturi ya kusali kabla na baada ya chakula. Baba aanze leo, mama aongoze kesho, mtoto keshokutwa. Zimeni televisheni, wekeni simu kando. Mume, mwambie mkeo mbele ya watoto kwamba mboga hizi ni jasho lake. Mke, mwambie mumeo kwamba unaikumbuka siku aliyochimba yale mashimo. Maneno hayo hayanunuliwi dukani.

Anayechuma sukuma wiki anajua kuchuma majani ya chini na kuacha kile kichwa cha juu. Akikata kichwa, amekula leo na kesho hana. Ndivyo ilivyo katika nyumba. Anayeuza mavuno yote bila mwenzake amepata pesa za leo, lakini amekata kichwa cha imani kati yao, na imani hiyo huchelewa sana kuchipua. Mti wa avokado hukaa miaka mitatu au minne hivi kabla ya kuanza kuzaa, nasi tunaungojea. Kama mmekwisha kuumizana kwa jambo hili, anzeni na daftari na mlo mmoja wa pamoja wiki hii, kisha ngojeaneni kwa uvumilivu uleule.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Mara ya mwisho tuliyokaa sote kula mavuno yetu ilikuwa lini?
2. Je, kuna kitu cha shambani nilichouza bila mwenzangu kujua? Niko tayari kumwambia?
3. Ni jirani gani atapata fungu la mavuno yetu msimu huu?

Ee Mungu Baba, uliyewapa mume na mke wa kwanza bustani moja, tubariki sisi, mashamba yetu na meza zetu. Utuondolee siri na uchoyo. Utujalie tulime pamoja, tule pamoja, na siku moja tuketi pamoja katika karamu yako mbinguni. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.