Nyumbu Hawakumchukia Mufasa

Katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, Mufasa anakufa chini ya kwato za nyumbu. Nyumbu wale hawakuchorwa kwa mkono mmoja mmoja. Walikuwa mamia, wakatengenezwa kwa kompyuta, kwa programu iliyowawezesha kukimbia pamoja bila kugongana. Hakuna hata mmoja aliyemchukia Mufasa. Scar alijua kwamba chuki haihitajiki. Inatosha kuwashtua wa kwanza.

Siri ya makundi ya namna hii ilionyeshwa na Craig Reynolds, Mmarekani aliyetunga programu ya Boids mwaka 1986. Hakumpangia kila ndege njia yake. Alimpa kila mmoja kanuni tatu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea jirani, usibaki mbali na majirani. Hakuna kiongozi, wala ndege anayeliona kundi zima. Lakini kwenye skrini kundi linageuka kana kwamba lina akili moja.

Nilipojifunza hayo nilikumbuka jioni moja Kasense, Sumbawanga. Mtu alipiga kelele, "Mwizi!" Nikakimbia. Sikumwona aliyepiga kelele wala aliyeibiwa. Niliuona mgongo wa aliyenitangulia, nikaufuata. Tulipofika nilikuwa na jiwe mkononi, na mpaka leo sikumbuki niliinama wapi kuliokota. Kijana alikuwa chini, amefunika kichwa kwa mikono.

Magazeti yetu yana jina la umati wa aina hiyo: "wananchi wenye hasira kali". Mimi sikuwa na hasira. Nilikuwa na majirani tu.

Ndiyo maana siku hizi sikubali utetezi kwamba "lilikuwa kundi, si mimi". Boids inatufundisha kinyume chake. Ndani ya programu ile hamna kitu kiitwacho kundi. Kuna huyu, na huyu, na huyu, kila mmoja na hatua yake ndogo. Ukiwaondoa hao, hakibaki kitu cha kubebeshwa hatia. Nyumbu tunamsamehe kwa sababu hawezi kujiuliza anakimbilia nini. Mimi ningeweza.

Aliyejiuliza alikuwa mama mmoja mwenye beseni la dagaa. Alilitua chini, akasimama kati yetu na yule kijana. "Kaiba nini? Cha nani?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyejua. Aliyekuwa karibu naye akarudi nyuma hatua moja. Aliyemfuata naye akarudi. Kijana akainuka, akaondoka akichechemea.

Wengine husimulia mkasa wa namna hii kwa kujipongeza: sikurusha jiwe. Ni kweli, sikurusha. Ila niliposimama, nilisimama kwa sababu wa mbele yangu alisimama. Hata wema wangu wa jioni ile ulikuwa wa kufuata mgongo. Jiwe niliachia baada ya wenzangu kuachia yao.